Usonji Ukubwani na Afya ya Akili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza ni wa aina tatu: ndugu wa mtu mzima mwenye usonji (kwa Kiingereza autism, namna ya ubongo inayogusa mawasiliano na hisi za mtu), mwenzi wake wa ndoa, na mtu mwenyewe. Tumeyaweka maswali yao pamoja kwa sababu jibu la mmoja mara nyingi ndilo analolihitaji mwingine. Ikiwa hofu yako ya leo ni kwamba mtu anaweza kujidhuru, usisome kwa mpangilio. Shuka moja kwa moja hadi swali linalohusu kujiua.

Usonji si jambo la watoto?

Mtoto mwenye usonji hukua akawa mtu mzima mwenye usonji. Lakini dhana kwamba usonji ni wa watoto inaeleweka. Kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, picha zinazosambazwa ni za watoto. Vitengo vya usonji katika shule kama Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam au City Primary ya Nairobi ni vya watoto. Kijana akimaliza umri wa shule, anatoweka machoni pa watu: yuko chumba cha nyuma kwa mama yake, au yuko kazini na hakuna anayejua.

Mtu anayehesabiwa kuwa wa kwanza kupewa utambuzi huu ni Mmarekani Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Daktari Leo Kanner alimwona mwaka 1938 akiwa na miaka mitano, akamwandika katika makala yake ya 1943 pamoja na watoto wengine kumi. Triplett alikua, akafanya kazi katika benki ya mjini kwao, akaendesha gari, akacheza gofu, akatembelea nchi nyingi, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na uwezo, hilo lisifichwe. Ila na mji nao ulimzoea. Watu walijua namna yake ya kuongea na hawakumsumbua. Jambo hilo la pili halihitaji utajiri, na ndilo litakalorudi mara nyingi katika majibu yanayofuata.

Kwa hiyo ni ugonjwa wa akili?

Hapana. Ni namna ubongo ulivyokua tangu tumboni, na urithi una sehemu kubwa. Hautokani na chanjo, wala malezi ya mama, wala laana ya ukoo. Ugonjwa wa akili, kama vile sonona (unyogovu, kama wengi wanavyouita Kenya) au wasiwasi uliopita kiasi, ni kitu kingine kinachoweza kuja juu yake, na tofauti na usonji, hicho hutibika.

Kama ni vitu viwili tofauti, mbona wengi wao wana sonona na wasiwasi?

Ni kweli ni wengi. Uchambuzi uliochapishwa 2019, uliokusanya tafiti nyingi za watu wazima wenye usonji, ulikuta takriban asilimia 27 wana tatizo la wasiwasi wakati wa kupimwa na asilimia 23 wana sonona. Ukihesabu maisha yao yote, idadi inapanda hadi 42 na 37. Tafiti hizo karibu zote ni za nchi tajiri. Sioni sababu ya kudhani hali ya kwetu ni nafuu zaidi.

Sehemu ndogo huenda ni ya kimaumbile. Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, inatokana na maisha yenyewe. Fikiria kijana ambaye sauti zote humwingia kwa ukali uleule: honi ya bodaboda, spika ya muuza dawa za panya, muziki wa matatu, kondakta anayepiga bati. Wewe masikio yako yanazichuja bila kukuuliza. Yeye anazibeba zote kutoka nyumbani hadi kazini, kisha anatakiwa aanze kazi. Ongeza miaka ya kuchekwa shuleni, viboko kwa kosa la "kiburi" ambacho hakikuwa kiburi, ajira zinazopotea kwenye usaili, na shangazi anayeuliza kila sikukuu ataoa lini.

Kuna na kutoelewana. Kwa muda mrefu wataalamu walisema mwenye usonji ndiye asiyeelewa hisia za wengine. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliligeuza jambo hilo: kutoelewana ni kwa pande mbili, kwa kuwa nasi tusio na usonji hatuwaelewi wao. Majaribio yaliyofuata yaliona wenye usonji wakipashana habari vizuri tu wanapokuwa wenyewe kwa wenyewe. Shida huanza makundi yanapochanganyika, na lawama hubebwa na upande mmoja. Kulaumiwa hivyo kwa miaka thelathini kunachosha mtu yeyote.

Dada yangu anafanya kazi, anasalimia watu vizuri, hata mzaha anajua. Ameambiwa ana usonji. Inawezekana?

Inawezekana sana. Wengi, na hasa wanawake, hujifunza kuigiza. Anakariri salamu na majibu yake. Anajua kwamba baada ya "habari za nyumbani" inafuata "watoto hawajambo", anahesabu moyoni sekunde za kumtazama mtu, anacheka wengine wanapocheka. Kwa nje ni mtu wa kawaida. Akifika nyumbani anafunga mlango na hawezi hata kuchemsha chai.

Huko kujificha kuna gharama. Tafiti zimekuta mara kwa mara kwamba wanaojificha sana ndio wenye wasiwasi na sonona zaidi, na ndio wenye mawazo ya kujiua zaidi. Kwa hiyo usimsifu kwa kumwambia "mbona hata huonekani". Unaikusudia iwe pongezi, yeye anaisikia kama onyo la kutolegeza.

Hapa kuna jambo la kwetu linalopotosha. Vitabu vya kigeni hutaja kutomtazama mtu machoni kama dalili. Katika jamii zetu nyingi, kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa ana adabu. Msichana mkimya asiyepayuka anasifiwa. Dalili zinafichwa na malezi mema, na mtu anafika miaka arobaini bila yeyote kushtuka. Kwa upande mwingine, kijana anayesahau shikamoo, si kwa dharau bali kwa sababu akili yake iko kwingine, ataitwa mjeuri na mtaa mzima.

Mdogo wangu ameacha kuoga, ameacha kutoka, hagusi hata redio zake alizokuwa akizitengeneza. Daktari anasema ndivyo usonji ulivyo. Ndivyo?

Usonji hauzidi ghafla ukubwani. Kama mtu amebadilika, tafuta kilichombadilisha. Kosa hili la kila kitu kusingiziwa usonji ndilo linalowaumiza watu wengi kuliko mengine yote, na linafanywa na familia na waganga wa hospitali sawasawa.

Kipimo kizuri ni kumlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Usimlinganishe na jirani. Kama siku zote alipenda kukaa peke yake, upweke wake si dalili mpya. Lakini kama siku zote alipenda redio na sasa hazigusi, hiyo ni kengele. Mtu mwenye usonji kupoteza hamu ya kile alichokuwa akikipenda kupita vyote ni ishara nzito kuliko machozi, na huenda machozi usiyaone kabisa. Uso wake unaweza kubaki vilevile huku ndani anazama.

Angalia pia usingizi uliogeuka usiku kuwa mchana, chakula kilichobaki cha aina moja tu, hasira za karibu, kujipiga au kujing'ata ambako hakukuwepo, kurudia mienendo yake zaidi kuliko zamani, na maneno kupungua. Mambo hayo yakidumu wiki mbili au zaidi, ni ya hospitali.

Huko hospitali, omba mwili uangaliwe kwanza. Jino bovu, vidonda vya tumbo, upungufu wa damu, tezi ya shingo, malaria inayorudi, na kifafa, ambacho huwapata wenye usonji zaidi ya watu wengine. Yote hayo yanaweza kuleta mabadiliko ya aina hiyo, na wengi hawasemi wanapoumwa. Na ikiwa amepunguza mno mwendo, anaganda katikati ya tendo, ameacha kuongea na kula, hiyo ni dharura. Kuna hali iitwayo katatonia, inatibika, lakini haingojwi.

Ana sonona au amechoka tu?

Kuna hali ya tatu ambayo wenye usonji wenyewe waliieleza kabla ya watafiti kuishughulikia: kuishiwa kabisa. Hutokea baada ya miezi au miaka ya kujificha na kubeba kuliko uwezo. Mtu anapoteza alivyokuwa akivimudu, kama kupika, kupanga siku, hata kuongea. Kelele alizozivumilia jana leo zinamchoma. Inaweza kuchukua miezi kupona.

Inafanana na sonona, na vyote viwili vinaweza kuwepo kwa pamoja. Tofauti inayosaidia ni hii: aliyeishiwa mara nyingi bado anatamani vitu vyake ila hana nguvu, na akiachwa katika utulivu anaanza kurudi. Mwenye sonona hatamani. Ushauri wa kawaida wa sonona, yaani toka, changamana, jishughulishe, unaweza kumzamisha zaidi aliyeishiwa. Yeye anahitaji mzigo upunguzwe: likizo, wageni wachache, ruhusa ya kutojibu simu, muda mrefu na kitu anachokipenda. Kwa familia ya watu kumi katika nyumba ya vyumba viwili hilo ni gumu, najua. Hata kona yenye pazia na saa mbili za jioni ambazo hakuna anayemwita ni mwanzo.

Mume wangu hulipuka kwa jambo dogo, kisha anakaa kimya siku nzima. Nifanyeje?

Jambo dogo huwa ni la mwisho katika mlolongo ambao hukuuona. Anapolipuka punguza kila kitu: maneno, watu, mwanga, sauti. Usimguse bila idhini yake. Usimuulize maswali, kwa kuwa wakati huo hana uwezo wa kuyajibu. Usidai msamaha papo hapo. Kimya kinachofuata si kununa, ni mwili unaojifunga baada ya kuzidiwa. Kesho, mkiwa mmetulia, ndipo mtafute pamoja nini kilitangulia, na hapo mara nyingi mtakuta kitu cha kurekebisha, kama foleni ya jioni au televisheni inayowaka tangu asubuhi.

Lakini usonji si kibali cha kupiga. Mtu akikupiga au akikutisha, hilo ni suala la usalama wako na wa watoto, na linashughulikiwa kama linavyoshughulikiwa kwa mume yeyote.

Nikimuuliza anajisikiaje anajibu "sijui". Ananificha?

Pengine hajui kweli. Karibu nusu ya watu wenye usonji wana ugumu wa kutambua na kutaja hisia zao. Mtu anahisi kifua kinabana na hawezi kusema kama ni hofu, hasira au njaa. Uliza vitu vinavyoonekana: umelala saa ngapi, umekula nini, kifua kiko vipi, kuna kitu ambacho jana uliweza na leo huwezi? Mwombe atoe namba kati ya 0 na 10. Wengine huandika kwa ujumbe wa simu kile wasichoweza kukisema ana kwa ana, hata mkiwa chumba kimoja. Mkubalie.

Haya yanahusu msiba pia. Kijana hakulia kwenye mazishi ya baba yake, akaenda kukaa na simu uani, na wazee wakasema hana moyo. Miezi sita baadaye anaacha kula. Huzuni ilichelewa njiani, haikukosekana.

Nifanye nini nikihofia atajiua?

Muulize waziwazi, kwa maneno ya moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usizungushe kwa kusema "huwazi mambo mabaya, eti?", kwa sababu mtu anayechukua maneno kama yalivyo anaweza kujibu hapana kwa kuwa hajui unamaanisha mabaya gani.

Hofu yako si ya bure. Uingereza, utafiti uliochapishwa 2014 wa watu wazima 374 waliokuwa wametambuliwa karibuni kuwa na asipaga, aina ya usonji kwa majina ya wakati ule, ulikuta asilimia 66 wamewahi kuwaza kujiua. Takwimu za Denmark na Sweden nazo zimeonyesha vifo vya kujiua viko juu zaidi kwa wenye usonji kuliko kwa watu wengine, na walio hatarini zaidi ni wale wenye uwezo mzuri wa kuongea na kusoma, yaani wale ambao hakuna anayewahofia.

Usisubiri alie ndipo uamini. Anaweza kukueleza mpango wake kwa sauti ileile anayotumia kukueleza ratiba ya mabasi. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa dawa za kuulia wadudu wa mimea, sumu ya panya, kamba, vidonge, visu. Mpeleke kituo chochote cha afya kilicho karibu, si lazima iwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Tanzania na Kenya namba ya dharura 112 inafanya kazi. Kenya kuna pia 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo hutoa ushauri nasaha kwa simu bila malipo.

Wengi huficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Tanzania, Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio hilo kuwa kosa tangu enzi za ukoloni. Hofu hiyo isikuzuie kwenda hospitali. Mhudumu wa afya anapokea mgonjwa.

Nimpeleke kwa nani?

Wataalamu wa usonji wa watu wazima ni wachache mno katika ukanda wetu, kwa hiyo usisafiri ukimtafuta huyo tu huku mtu anazama. Daktari wa magonjwa ya akili anaweza kutibu sonona na wasiwasi hata kama hajabobea katika usonji, mradi akubali kusikiliza. Tanzania anza hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu Muhimbili au Mirembe, Dodoma. Kenya, hospitali kubwa za kaunti, Mathari jijini Nairobi, au Moi, Eldoret. Uganda kuna Butabika, Kampala.

Andika ukurasa mmoja kabla ya kwenda: alikuwaje zamani, nini kimebadilika na lini, nini kinamuudhi mwilini, anawasilianaje. Omba aonwe mapema asubuhi kabla korido hazijajaa. Akiweza, avae vifaa vya kuzibia masikio.

Na uwe macho na hili. Daktari anauliza, "Unasikia sauti?" Mgonjwa anajibu ndiyo, kwa sababu anasikia sauti: za wauguzi nje, feni, gari linalopita. Linaandikwa jibu, na wapo waliotibiwa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) kwa miaka kwa makosa ya namna hiyo. Mwombe daktari aulize: "Unasikia watu wakiongea wakati hakuna mtu yeyote aliyepo?" Kubwabwaja peke yake nako si lazima kuwe wazimu. Wengi hurudia mazungumzo yaliyopita ili wayaelewe.

Kuna dawa ya usonji?

Hakuna, na anayekuuzia moja anakuibia. Klorini, dawa za kuondoa madini mwilini, mitishamba ya "kusafisha ubongo": hizo zinadhuru, na nyingine zimeua.

Kwa sonona na wasiwasi dawa zipo na husaidia wengi, kama fluoksetini. Baadhi ya wenye usonji miili yao huitikia dawa kwa ukali, hivyo ni busara daktari aanze na dozi ndogo na kupandisha taratibu. Usiziache ghafla kwa kuwa amepata nafuu. Dawa nzito za kutuliza, kama haloperidoli au risperidoni, zina kazi yake pale penye saikosisi (mtu kupoteza mguso na uhalisia) au fujo zisizozuilika kwa njia nyingine. Hazitibu usonji wenyewe. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 kuhusu watu wazima unasema hivyo bila kuzunguka. Kama ndugu yako amepewa hizo kwa miaka, ananenepa, anatetemeka, anasinzia kutwa, uliza: zinatibu nini hasa, na tutajuaje kama zinafaa?

Ushauri nasaha unawafaa?

Unafaa ukirekebishwa. Mshauri anayesema kwa mafumbo na methali, kisha akae kimya akingoja mteja afunguke, atangoja sana. Kinachofaa ni vikao vyenye mpangilio unaojulikana mapema, mambo ya kuandika na kuchora, mifano halisi ya wiki hii, mapumziko katikati, na kutumia kile mteja anachokipenda. Kijana anayejua kila kitu kuhusu injini anaelewa vizuri wasiwasi wake ukielezwa kama joto linalopanda kabla ya maji kuchemka. Kazi zaidi iwe kwenye kubadilisha mambo, kidogo kwenye kuchambua mawazo.

Mshauri akilenga kumfundisha mteja aonekane wa kawaida, badilisha mshauri.

Familia inataka aombewe. Nikatae?

Dua na maombi si adui wa matibabu, na kwa mtu anayependa utaratibu, swala tano au ibada isiyobadilika inaweza kuwa nguzo kubwa. Wengine hushindwa na vipaza sauti vya ibadani, sio na imani. Anaweza kukaa nje karibu na mlango, au kuswali nyumbani, na kiongozi mwema wa dini atalielewa hilo ukimweleza.

Mpaka uko hapa: asifungwe kamba wala mnyororo, asipigwe, asilazimishwe kufunga kula, asiachishwe dawa za kifafa au za akili. Anayedai lolote kati ya hayo, awe na joho au tunguri, mwondoeni mgonjwa wenu hapo.

Nyumbani nibadilishe nini?

Kidogo, lakini bila kukoma. Toa taarifa mapema: "Jumamosi saa nne watakuja wageni wanne, wataondoka saa tisa." Wageni wa ghafla ni baraka kwa mwenye nyumba na mtihani kwake, basi apewe ruhusa ya kusalimia na kuondoka bila kuitwa tena. Kwenye harusi mpe kazi yenye mwisho, kama kupokea viatu au kuhesabu soda, na njia ya kutoka. Ahadi ya "baadaye" ibadilishe iwe saa. Taa ya tubelaiti inayopepesa, ibadilishe leo, gharama yake ni ndogo. Usimlazimishe kula kinachomtia kichefuchefu kwa sababu ya jinsi kilivyo mdomoni.

Na kazini?

Maelekezo ya maandishi, kazi moja baada ya nyingine, meza mbali na mlango, ruhusa ya kula peke yake. Karibu vyote ni vya bure. Kumwambia mwajiri au kutomwambia ni uamuzi wake, nami nisingemshauri mtu aseme mahali ambapo ulemavu unataniwa. Kisheria ana msingi: Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na Kenya mtu anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, usajili unaofungua pia mlango wa msamaha wa kodi ya mapato. Aliye Uingereza analindwa na Sheria ya Usawa ya 2010.

Kaka yangu haongei kabisa. Naye anaweza kuwa na sonona?

Anaweza, na ndiye anayesahaulika kuliko wote. Kutoongea si kutoelewa. Tabia yake ndiyo taarifa yako, kwa hiyo weka daftari: alilala, alikula, alicheka na nini, alijipiga saa ngapi na baada ya nini. Baada ya wiki chache daftari hilo litamwambia daktari zaidi ya unavyoweza kukumbuka. Mpe njia ya kusema: picha, kadi, kuonyesha kwa kidole, kuandika kwenye simu. Hujachelewa kwa sababu ana miaka thelathini. Na fikiria unyanyasaji, wa kimwili na wa kingono, kila anapoanza kuogopa mtu fulani au mahali fulani. Usilifukie kwa ajili ya heshima ya familia.

Nina miaka 38, nimejisoma katika haya yote. Kuna faida ya kutafuta utambuzi?

Kwa wengi, ndiyo. Husema walipata nafuu kwanza: miaka yote hiyo hawakuwa wavivu wala wenye roho mbaya. Kisha huja huzuni, na hasira juu ya muda uliopotea. Usishangae vikija kwa mkupuo, na usifanye maamuzi makubwa ya ndoa au kazi katika miezi hiyo.

Kama huna mtaalamu wa karibu au fedha, unaweza kuanza kuishi kana kwamba ni kweli: ziba masikio sokoni, punguza mialiko, pumzika baada ya watu. Vikikusaidia, endelea navyo, havihitaji cheti. Tafuta wenzako pia, hata wa mtandaoni. Wengi huwa hawajawahi kuzungumza na mtu bila kutafsiri kwanza kichwani, na siku ya kwanza ya kufanya hivyo haisahauliki. Makala ya namna hii pia inaweza kukupa jibu lisilo lako. Wasiwasi wa kijamii, majeraha ya utotoni na tatizo la umakini hufanana na usonji kwa sehemu, na vinaweza kukaa pamoja nao.

Mama yetu ndiye anayemlea na amezeeka. Akifariki itakuwaje?

Msingoje. Kwa mtu wa mazoea, kufiwa na mama, kuhama nyumba na kubadilishiwa mlezi katika wiki moja ni pigo la mara tatu, na wengi huvunjika hapo. Anza sasa: alale kwako siku mbili kila mwezi, kwenye kitanda kilekile, na shuka zake. Andikeni anachokula, dawa zake, kinachomtuliza, maneno yake na maana zake. Ardhi au nyumba aliyoachiwa iandikwe kisheria mapema, mbele ya wakili au mamlaka za kijiji, kabla ya kikao cha matanga ambapo atakaa kimya na wengine watagawana.

Mimi ninayemtunza nimechoka. Nitasema kwa nani?

Kwa ndugu zako, na uwape kazi yenye jina na siku: wewe Jumapili mchana, wewe nauli ya kliniki. "Tusaidiane" tupu haimsaidii mtu. Ukiona umeanza kumchukia, au umeanza kuwaza kwamba heri nyote mngekufa, wewe nawe ni mgonjwa wa kuonwa, na siku ya kliniki yake fungua faili lako hapohapo.